Usiku Niliosema Naumwa

Ada yangu ya kidato cha kwanza ililipwa na bangi. Nilikuja kulijua hilo nikiwa na miaka 15, siku baba mdogo aliponituma shamba la juu, kule linakopakana na msitu wa Mlima Meru. Katikati ya mahindi nikaona kitu kingine kimesimama kirefu kuliko mahindi yenyewe. Jioni nilimuuliza, naye hakunificha. "Kahawa imekufa bei, mwanangu," aliniambia. "Hiki ndicho kinachokusomesha."

Alikuwa Mlutheri kama sisi sote. Jumapili ya mavuno, ibada ikiisha na mnada kuanza uwanjani, yeye ndiye aliyepandisha bei hadi akina mama wakapiga vigelegele. Jogoo wa shilingi 2,000 alimnunua kwa 10,000, kisha akamrudisha mezani anadiwe tena, fedha iongezeke kanisani. Usharika mzima ulijua fedha ile inatoka wapi na hakuna aliyeuliza. Mwaka 2003 polisi walipanda mlimani, wakafyeka shamba, wakachoma, wakaondoka naye. Jumapili chache baadaye jina lake likasomwa mbele ya ibada: ametengwa.

Nilikuwa nimekaa benchi la vijana. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno, ila somo niliondoka nalo: dhambi ya bangi huanza siku polisi wanapofika. Kabla ya hapo ni mahindi tu. Somo hilo nilitembea nalo miaka mingi, na ninaandika haya kwa sababu naliona bado makanisani mwetu, nyumbani na huku ughaibuni.

Mimi mwenyewe nilivuta. Kwetu Arumeru, Tanzania, wakati ule kijana hakuhitaji kutafuta, msokoto ulikutafuta wewe. Tulikuwa wanne tuliopata kipaimara mwaka mmoja, na tulikuwa tukikutana mtoni Jumamosi jioni. Sitadanganya kwamba tuliona mapepo. Tulicheka, tukala sana, tukalala. Mmoja wetu hakurudi sawa. Alianza kusikia watu wakimsema kupitia redio, akaacha shule, akalazwa wodi ya wagonjwa wa akili mara mbili. Madaktari wanasema bangi nyingi katika umri mdogo huongeza hatari ya ugonjwa kama huo, hasa kwa aliye na mbegu yake katika ukoo, na ukoo wake ulikuwa nayo. Kwa hiyo sisemi bangi peke yake ndiyo iliyomharibu. Ninachojua ni kwamba mimi ndiye niliyemsokotea wa kwanza.

Baada ya hapo niliacha. Nilioa, nikafundisha shule ya msingi, nikachaguliwa mzee wa kanisa. Mwaka 2016 tulishinda bahati nasibu ya viza, tukahamia Colorado, Marekani.

Wanaolijua jimbo lile watakuwa wameshaelewa. Novemba 2012 wapiga kura wa Colorado walipitisha Badiliko la 64 la katiba ya jimbo, na tangu 1 Januari 2014 maduka yanamuuzia bangi mtu yeyote aliyetimiza miaka 21. Si uchochoroni. Ni duka lenye maegesho, lenye taa, na nje limetundikwa msalaba wa kijani. Mara ya kwanza nilipouona nilidhani ni zahanati. Mlangoni kijana anaangalia kitambulisho, ndani kuna kaunta safi kama ya duka la dawa, na kila pakiti imeandikwa nguvu yake. Polisi wa kumchukua baba mdogo hawapo, na mzee wa usharika wa kusoma jina hayupo. Ndipo nilipogundua kwamba ukiniondolea polisi, sina neno hata moja la kusema juu ya bangi. Imani yangu yote juu ya jambo lile ilikuwa imeegemea gari la polisi.

Nilipata kazi ya usiku katika ghala la mizigo. Ukifanya kazi usiku miaka miwili usingizi unakukimbia. Mchana unalala kwa muda wa saa 3 tu na siku za mapumziko unakodoa macho kwenye dari. Mwenzangu mmoja kazini, Mkristo, mtu mwema, aliniambia anatumia pipi zile laini za bangi, anakula moja na kulala kama mtoto. Colorado kipande kimoja hakiruhusiwi kuzidi miligramu 10 za ile kemikali inayolevya. Nilinunua. Nikalala. Nilimshukuru Mungu, kweli nilimshukuru.

Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya usingizi. Baadaye ikawa kwa ajili ya Jumamosi. Sikuwa na maumivu wala shida. Nilipenda tu jinsi chumba kilivyokuwa laini na madeni yalivyokaa mbali. Mke wangu naye alikuwa zamu za usiku, anahudumia wazee, kwa hiyo nilikuwa nikiwalaza watoto, nakula mbili, na kukaa kwenye kochi. Nilijiambia ninachokisikia kwa wengi sasa: sivuti, sivunji sheria ya jimbo, simdhuru mtu, niko nyumbani kwangu.

Kanisa letu ni la Waswahili, wengi wao Wakongo waliokaa miaka na miaka kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, pamoja na Warundi na sisi Watanzania wachache. Tunaabudu saa 8 mchana katika jengo tunaloazimwa na Wamarekani wakishamaliza ibada yao. Kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa na nafuu, nilikuwa mtu wa kupigiwa simu. Barua ya shule, mkataba wa nyumba, hospitali.

Januari 2019, Jumamosi, kama saa 4 na nusu usiku, simu ililia. Alikuwa mama mmoja wa kanisani kwetu. "Baba Elia, njoo unisaidie kuongea na munganga. Mume wangu ameanguka." Kwao daktari ni munganga. Hospitali walikuwa na mkalimani wa simu, aliniambia, lakini sauti ile haijui, anataka mtu anayemjua asimame pale.

Nilikuwa nimekula mbili saa 3. Anayevuta hulewa ndani ya dakika chache. Anayekula hungoja, maana kitu kinapita kwanza tumboni na kwenye ini, na kikishafika hakiondoki upesi. Ndiyo kwanza ilikuwa inapanda. Nilimsikia vizuri, kila neno, ila maneno yalikuwa yananifikia moja moja kama watu wanaoshuka basi. Sikuweza kuendesha gari. Hata kama mtu angenipeleka, nisingeweza kusimama mbele ya daktari na kuchukua neno lake kwa usahihi nilipeleke kwa mke wa mgonjwa. Nilijua hivyo. Nikamwambia, "Mama, naumwa. Naumwa sana, siwezi kutoka."

Akasema, "Pole, baba. Mungu akuponye." Akakata.

Kesho yake sikwenda kanisani. Saa 11 jioni mlango ukagongwa, naye ndiye amesimama kwenye theluji na bakuli limefungwa kwa kitambaa. Mumewe alikuwa bado hospitalini, amefanyiwa upasuaji alfajiri. Alikuwa ametoka kule, amepita kwake, amepika sombe, yaani kisamvu, na ugali, amepanda mabasi mawili kuniletea mimi "mgonjwa". Hakukaa. Alisimama pale sebuleni na koti lake, akaniwekea mkono begani, akaniombea afya.

Sombe lile nililila. Sijui niseme nini kingine juu ya jioni ile.

Kuacha kulinichukua karibu mwezi. Watu husema bangi haina uraibu wa kumfunga mtu. Mimi wiki mbili za kwanza usiku nilitokwa na jasho, niliota ndoto kali, nikawagombeza watoto bila sababu. Si mateso ya heroini, nisikuze. Lakini mtu asiyefungwa na kitu hakiachi kwa jasho. Mtume Paulo ana sentensi ambayo nilikuwa nimeikariri tangu darasa la kipaimara bila kuisikia: "Vitu vyote ni halali kwangu, lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote." Aliwaandikia Wakorintho, watu wa mji ulioruhusu mengi. Nilikuwa nimekaa katika mji wa namna hiyo, na nilikuwa chini ya uwezo wa pipi.

Miezi ile nilimpigia rafiki yangu mchungaji, aliyesoma chuo cha Kilutheri cha Makumira, si mbali na kwetu. Nilimweleza yote. Hakunihubiria. Aliniuliza kama naikumbuka 1 Petro 5:8. Nikaisema: "Mwe na kiasi na kukesha." Akaniuliza, "Hapo kiasi maana yake nini?" Nikajibu kama ambavyo Mswahili yeyote angejibu: usizidishe. Kula kwa kiasi, kunywa kwa kiasi.

Akaniambia kwamba katika Kigiriki neno lile linatoka kwenye kitenzi cha mtu ambaye hajalewa, mwenye kichwa kilichotulia. Halafu akanipeleka sura ya 4 mstari wa 7, ambako kitenzi kile kile watafsiri wetu wamekiandika kwa namna nyingine: "iweni na akili, mkeshe katika sala." Katika 5:8 ni kuwa na kiasi, katika 4:7 ni kukesha, na neno ni moja. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Ni mara ngapi nilikuwa nimewasikia ndugu, na mimi nikiwemo, wakisema "natumia kwa kiasi" na kudhani wamemjibu Petro? Petro hakuwa anazungumzia kipimo. Alikuwa anazungumzia mlinzi wa zamu.

Hili ndilo lililonibadilisha, na naliona ni zito kuliko hoja nyingi ninazosikia mimbarani. Kuna mhubiri mgeni aliwahi kutuambia kwamba "uchawi" katika Wagalatia 5:20 kwa Kigiriki ni pharmakeia, neno lenye ukoo na famasi, kwa hiyo mvuta bangi ni mchawi. Vijana wetu walitazamana. Wanajua kwamba kwa hesabu hiyo na mwuza panadoli ni mchawi. Neno lile lilihusu dawa za uganga na makago, na ukilikamua litoe bangi ya dukani unapoteza imani ya kijana kwa mengine yote utakayosema. Bangi si shetani. Ni jani. Swali ni mimi nakuwa nani nikishalitumia, na nani ananihitaji saa hiyo.

Mwaka 2023 mpiga kinanda wetu, kijana wa miaka 23 aliyezaliwa Kongo na kukulia Nyarugusu, alinipa lifti baada ya ibada. Gari lilikuwa na harufu, na hakujisumbua kuificha. "Baba Elia, usianze," alisema. "Mwanzo 1:29, Mungu amewapa kila mche utoao mbegu. Bangi haina mbegu?"

Nilimwambia mbarika nayo ni mche utoao mbegu, na mbegu zake zinaua. Na kwamba mstari ule unaishia kwenye neno chakula. Lakini nilimkubalia nusu: Mungu hakuumba mche wa laana, na anayesema hivyo ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha.

"Na pombe je? Nyie Walutheri si mnakunywa?"

Hapo nilinyamaza hadi taa zikabadilika mara mbili. Ni hoja nzuri kuliko zote na Wakristo wengi huiruka. Wapentekoste wana jibu rahisi, maana hawagusi vyote viwili. Mimi nimekulia kwenye sherehe zenye pombe ya ndizi, na Zaburi ya 104 inasema wazi kwamba divai humfurahisha mtu moyo wake. Paulo alimwambia Timotheo anywe kidogo kwa ajili ya tumbo. Nilimjibu hivi, na sijapata jibu bora tangu siku ile: mtu anaweza kunywa glasi moja na chakula bila kulewa, na Biblia inamwacha, ikimkuta amelewa inamkemea. Bangi ya starehe, nani anaitumia ili asipate stimu? Stimu ndiyo bidhaa. Tena si ile ya mtoni kwetu. Pakiti za dukani sasa huandikwa kwamba ile kemikali inayolevya ni asilimia 20 na zaidi, na mafuta yanayokamuliwa kutoka kwenye bangi yanapita 60. Ukinionyesha mtu anayeionja kama divai mezani na akaamka aendeshe gari, nitafikiri upya. Na anayelewa bia kila Ijumaa, nikamwongezea, yuko benchi moja na wewe, hata kama ni mzee wa kanisa.

Akacheka kidogo. Akasema kazi yake ni ngumu, na bila hiyo kichwa hakitulii; anaona tena mambo ya njiani walivyokimbia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja za Mwanzo, si kwa hilo. Niliacha kuhubiri. Tulikaa nje ya nyumba yangu injini ikinguruma, akaniambia mambo aliyoyaona akiwa na miaka 6. Kabla hajaondoka nilimpa namba ya kituo cha ushauri chenye Waswahili, na nilimwomba anipigie usiku kichwa kikichemka, kabla ya kuwasha. Sikumtoza ahadi.

Kuna jambo moja nilimwambia wiki iliyofuata, kwa makusudi nikiwa nimelitenga na Biblia. Jimbo limeruhusu, lakini sheria ya serikali kuu ya Marekani bado inakataza, na uraia hutolewa na serikali kuu. Aprili 2019 idara ya uhamiaji iliandika bayana kwamba kutumia bangi, au kufanya kazi kwenye biashara yake, kunaweza kumkosesha mwombaji sifa ya mwenendo mwema hata pale jimbo linaporuhusu. Watu wetu wengi wana kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani daima, na wanasubiri miaka 5 waombe uraia. Wanaingia duka lenye msalaba wa kijani wakidhani halali ni halali. Kila mwenye nafasi kanisani aliseme hili, na mwenye shaka aonane na mwanasheria. Ila nilimwambia kijana: "Hili ni la polisi. Usilichanganye na lile tulilozungumza." Sikutaka aondoke na somo nililoondoka nalo mimi mwaka 2003.

Na sitaki maneno yangu yamwangukie asiyehusika. Tuna mama mzee mwenye saratani, daktari amemwidhinishia bangi kwa sababu dawa za saratani zilikuwa zinamtapisha hadi akaogopa chakula. Anakula sasa. Dada wawili walianza kunong'ona kwamba mama amekuwa mvuta bangi, na mmoja akatoa mfano wa Bwana Yesu msalabani kukataa mvinyo iliyotiwa manemane. Yesu aliikataa akiwa na kikombe chake cha kunywa. Hakumnyang'anya mtu mwingine dawa. Nilikasirika siku ile kuliko ninavyopenda kukasirika kanisani.

Baba mdogo alitoka gerezani, akarudishwa kundini, na sasa ni mzee sana. Nilimuuliza kwa simu kama aliwahi kuvuta. Alishangaa. Alisema hata mara moja. Asingeweza kulinda shamba.

Kijana wa kinanda bado anavuta, pungufu ya zamani, na amenipigia usiku mara nne. Mara ya pili nilimsimulia habari ya sombe. Alinyamaza, kisha akauliza, "Uliwahi kumwambia yule mama?"

Sikuwa nimemwambia. Miaka 4 nilikuwa nikimsalimia kila Jumapili na yeye akiniuliza hali ya afya, maana aliamini nina mwili dhaifu.

Nilikwenda kwake Jumatatu. Mumewe alikuwa kwenye kiti chake dirishani, anatembea kwa fimbo lakini anatembea. Nilimwambia mama yote: pipi, kochi, uongo. Nilimwambia sikuwa mgonjwa. Aliacha kuchambua maharage, mikono ikabaki kwenye ungo. Alimtazama mumewe, akanitazama.

"Usiku ule walinipa karatasi nitie sahihi wampasue kichwa," alisema. "Sauti ya kwenye simu ilikuwa inaniambia, nami nilikuwa nalia. Nilitia sahihi bila kuelewa."

"Nisamehe, mama."

Alikaa kimya kwa muda ambao sikuuhesabu. Akarudi kwenye maharage. "Nimekusamehe," alisema, bila kuinua uso. Kisha: "Nikikupigia tena usiku, utakuja?"

"Nitakuja."

"Basi kaa, ule."